Riwaya ya kutisha ya siku za mwisho hapa Goma: dhehebu, Nyiragongo, na mama asiye na kaburi la mwanawe

kalamu_ya_Katindo ameuliza:

Bandugu, hamjambo wote. Nina riwaya fupi mkononi, nalenga maneno 40,000 hivi. Kisa chenyewe: Mama Furaha wa Buhene alimpoteza binti yake wa miaka tisa usiku wa lava, Mei 2021. Mwili haukupatikana. Miaka miwili baadaye anaingia kwenye kikundi cha maombi katika parsele (kiwanja) moja magharibi ya mji, upande wa ziwa. Nabii wao anafundisha kwamba Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ni mlango, na wote waliochukuliwa na moto watarudi siku moto utakaposhuka tena. Watu wanauza mali, wanahamia pale, wanafunga. Siku inafika.

Nimekwama mahali pengi. Sura za kwanza zinasomeka kama mahubiri. Nabii amekuwa shetani wa filamu, anacheka peke yake gizani. Mwisho sijui kama nishushe lava au nilipue ziwa Kivu. Na kanisa kwa watu wa hapa ni nyumbani. Sitaki msomaji anayesali kila Jumapili afunge kitabu akidhani namtukana. Wenye kujua kazi hii, mnisaidie, na msinionee huruma.

---

Mawe_Meusi amejibu:

Nianze na mwisho wa hadithi, maana huo ndio utakaoamua mambo mengine yote.

Ziwa liache. Najua linavutia: kina cha mita 485, huko chini kaboni dayoksaidi inakadiriwa kilomita za ujazo 300 na methani 60, na mfano upo, ziwa Nyos kule Kamerun, gesi yake iliua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja wa Agosti 1986. Lakini Kivu likipinduka kweli, gesi ya chini ikapanda juu, linaondoka na Goma, Gisenyi na pwani zote, na mama wako mmoja anapotea ndani ya hesabu. Tena msomaji wa hapa atakubana. Lava ya Januari 2002 iliingia ziwani na ziwa halikupinduka, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi imekaa chini sana, kuanzia kama mita 250 kwenda chini, imebanwa na tabaka za maji mazito, na lava ile haikufika huko. Ukitaka lipinduke utalazimika kueleza ni nguvu gani imefika chini kiasi hicho, na maelezo hayo yatakula kurasa ambazo Mama Furaha anazihitaji.

Lava nayo iandike inavyokwenda. Huko juu mlimani ni nyepesi na ina mbio; mwaka 1977 kasi yake kwenye mteremko ilikadiriwa hadi kilomita 60 kwa saa. Ikifika mjini inatembea. Mwaka 2002 watu waliitangulia na magodoro kichwani, wengine walisimama kuitazama ikimeza ukuta wa jirani. Kwa hiyo lava ya mjini haikimbizi mtu, inamfukuza nyumbani polepole, na hofu yake ni hiyo. Kinacholipuka ni mafuta na mitungi ya gesi. Tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya mlipuko wenyewe, kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota, wakafa makumi. Anayetaka kuonyesha uchungu wa mji huu aanzie hapo: hatari kuu ilishapita, watu wakafa wakitafuta bidoni moja ya mafuta.

Kitu kingine waandishi wanakisahau. Ule wekundu wa angani usiku unatoka kwenye ziwa la lava ndani ya kreta. Mlima ukipasuka ubavuni ziwa linamwagika, na wekundu unapungua au unapotea kabisa. Nabii mwenye akili hatangazi ishara ya anga jekundu. Hilo Goma wamelizoea. Anatangaza ishara ya anga lililozimika. Na kalenda imeshamfanyia kazi: mlipuko wa 2021 ulitokea Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, kesho yake Pentekoste. Ndimi za moto hana haja ya kuzibuni.

Sasa pendekezo langu: tumia mazuku, yale mabonde yanayojaa gesi ya kuua. Umesema parsele iko magharibi, upande wa ziwa. Huko ndiko yaliko, kwenye mashimo ya lava ya zamani kuelekea Sake. Gesi, kaboni dayoksaidi, inapanda kwenye nyufa, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inatuama bondeni. Haina rangi wala harufu. Ikizidi sana, pua inawasha kama soda iliyokupalia. Jua na upepo vinaitawanya mchana, usiku mtulivu inajaa, na mbaya zaidi ni alfajiri. Gesi ikifika asilimia 5 ya hewa mtu anahema na kichwa kinamgonga. Kwenye 10 anapoteza fahamu kwa dakika chache. Ikipita 30, pumzi chache tu yuko chini. Usimfanye shujaa wako apime kwa mshumaa kisha akimbie salama: mpaka mwali uzimike, hewa ya kimo kile imeshakuwa ya kumwangusha mtu.

Na hapo ndipo hadithi yako ilipo: gesi hii inaua kwa kimo. Kifaranga kwanza, kisha mbuzi, mtoto aliyelala mkekani, mtu mzima aliyepiga magoti, na wa mwisho kabisa aliyesimama. Weka kesha saa tisa ya usiku ndani ya shimo lile, wanaokufa kwanza ni waliosujudu. Nabii amesimama. Protokoli, wahudumu wa ibada, mlangoni wamesimama. Anayeinama kumwinua mwenzake anaanguka juu yake. Nabii hahitaji kuua mtu, anahitaji tu kutafsiri: wanyenyekevu wamechukuliwa kwanza. Na Mama Furaha anabaki hai kwa sababu usiku ule aligoma kusujudu.

Msomaji atauliza kwa nini hawakufa mwezi wa kwanza. Jibu ni ukuta. Mwanzoni parsele ina upande wa chini ulio wazi, gesi inatiririka na kutoka kama maji ya mvua. Nabii anaamuru wajenge ukuta wa mawe kuzunguka kiwanja chote, kujitenga na dunia, wanaziba hata ule mlango wa chini. Kila safu ya mawe inapandisha gesi ndani. Chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi: mteremko unaelekea wapi, nyumba ya sala iko wapi, watoto wanalala wapi, ukuta umefika goti katika sura gani na kiuno katika sura gani. Halafu weka dalili kwa mpangilio huo huo: mijusi iliyokufa kwenye kona, kuku, watoto wanaoamka na kichwa kinawauma, mbuzi. Usiipange kinyume, mbuzi kabla ya kuku. Watu wa Goma watacheka.

---

mwalimu_wa_Ndosho amejibu:

Mkubwa Mawe_Meusi amekumalizia ardhi, mimi niingie ndani ya nyumba.

Nabii wako anacheka gizani kwa sababu ulianza na yeye. Anza na kaye (daftari). Kabla hujaandika sentensi nyingine moja, jaza ukurasa: wanakula nini na mara ngapi, nani anashika ufunguo wa stoo ya unga, hati ya parsele ina jina la nani, simu zinakaa wapi, mgonjwa anapelekwa wapi na kwa ruhusa ya nani, anayetaka kutoka anapita mlango upi. Kundi la aina hii ni utawala wa vitu vidogo kabla halijawa mafundisho. Msomaji akishajua nani ana ufunguo wa unga, nabii anaweza kuongea kwa upole kabisa na bado mgongo ukamsisimka.

Masharti yaingie polepole, na kila moja liwe na sababu nzuri siku linapoletwa. Mwezi wa kwanza kikundi kinatoa tu: bukari na sombe, mtu wa kukubebea bidoni, na mtu anayekumbuka jina la mwanao. Kisha simu zinawekwa kikapuni wakati wa sala, kwa heshima. Kisha mchana kutwa, kwa sababu watu wanaibiana. Kisha wanaume na wanawake wanalala mbalimbali kwa ajili ya mfungo. Kisha mazungumzo yanapungua. Si uchawi huo. Kundi la Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Ishasha, waumini walikatazwa maongezi ya kawaida wakawa wanaelewana kwa ishara za mikono. Watu wasiozungumza hawawezi kulinganisha mashaka yao. Hilo tu lina nguvu kuliko pepo kumi.

Siku ya mwisho nabii aihesabu vipi wakati Mathayo 24:36 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye? Lazima awe na jibu, la sivyo mama yeyote wa Legio Maria, chama cha sala cha Wakatoliki, atamwangusha kwa aya moja. Majibu ya kawaida ya wapanga tarehe ni mawili: siku na saa hazijulikani lakini mwezi na mwaka hazikutajwa, au haikujulikana wakati ule, sasa imefunuliwa. Chagua moja, mpe muumini wa kawaida alitetee jikoni akichambua maharage. Usimpe nabii.

Tena Mathayo 24:16 inawaambia watu wakimbilie milimani. Kwetu kukimbilia mlimani ni kuelekea Kibati, kwenye moto wenyewe. Mwanamke mmoja wa kundi akiliona hilo na kulisema kwa sauti, umepata tukio zima. Na Ufunuo 20 ina ziwa la moto; mlima unalo, kila mtu ameliona likimulika. Maji machungu ya Pakanga, Ufunuo 8:11? Moshi wa kreta ukielekea magharibi, mvua ya Rusayo na vijiji vya jirani inaingia kwenye mapipa ikiwa na tindikali na floridi. Ndiyo maana kwa nabii wa hapa kazi ni rahisi mno, mandhari yamemwandikia nusu ya mahubiri. Kazi yako ni kuonyesha ile nusu nyingine, aliyoiongeza mwenyewe.

Kosa kubwa la mpango wako ni kwamba siku inafika mara moja. Fanya ifeli kwanza. Kanungu walitazamia mwisho tarehe 31 Desemba 1999. Haukuja. Watu waliokuwa wameuza mali wakaanza kudai vyao, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea likiwa limefungwa na watu ndani. Ile miezi miwili na nusu ya katikati ndiyo riwaya. Kule Marekani, wafuasi wa William Miller walingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakaacha viazi shambani bila kuvuna. Ilipopita, wengi walirudi makwao, wachache wakatafuta maana mpya ya tarehe ile ile. Leon Festinger na wenzake waliandika mwaka 1956 jinsi utabiri ukifeli mtu aliyekwisha kutoa kila kitu anaweza kuanza kuhubiri kwa bidii zaidi, hasa akiwa na wenzake wa kumshika mkono.

Lakini mfano ulio karibu kabisa na Mama Furaha ni wa Waxhosa, 1856 hadi 1857. Msichana Nongqawuse alileta ujumbe kwamba wakichinja ng'ombe wote na kuacha kulima, wafu watafufuka na mifugo mipya. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa mapafu, watu walikuwa wamechoshwa na vita na Waingereza. Makadirio ya kawaida ni ng'ombe 400,000 waliochinjwa na watu 40,000 waliokufa kwa njaa. Siku zilipopita bila mfu kurudi, lawama hazikumwendea mtabiri, ziliwaendea waliobakiza ng'ombe wao. Chukua hilo. Tarehe ya kwanza ikifeli, kundi lako litafute nani alibakiza. Nani ana dola mia amezishona kwenye kikwembe. Nani bado anampigia dada yake simu usiku.

Hesabu ya kurasa: tarehe ya kwanza ifeli karibu na neno la 18,000. Msako wa waliobakiza na ujenzi wa ukuta vichukue mpaka 32,000. Kesha lenyewe lisizidi 4,000. Yanayobaki ni asubuhi na yanayofuata.

Kuhusu mahubiri: hakuna hotuba inayopita maneno 120 bila kukatwa na mwili wa mtu. Mtoto anahitaji kwenda choo, jenereta inazima, maikrofoni inapiga kelele, protokoli anapita na ndoo ya sadaka. Na nabii awe amefiwa naye, aamini sehemu kubwa ya anayosema. Tapeli mtupu anakimbia na pesa usiku wa kuamkia tarehe. Anayeamini ndiye anayebaki.

---

mama_wa_kwaya amejibu:

Mmeongea vizuri wakubwa, ila mmempita mfiwa mkaenda moja kwa moja kwenye gesi. Mwanangu kalamu_ya_Katindo, nisikilize mimi sasa.

Kilio cha hapa kina mashine yake. Bashi (turubai) inatandikwa, viti vya plastiki vinakodishwa, wanawake wanakaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje na jiko la makala (makaa), mtu mmoja anashika daftari la michango, vikundi vya nyimbo vinapokezana usiku. Yote hayo yanafuata mwili. Mwili unaleta jeneza, jeneza linaleta siku ya maziko, maziko yanaleta siku ya kuondoa matanga. Mwili usipokuwepo, hakuna kinachosogea. Majirani hawajui waje lini, wala waache lini kuja. Bashi inatandikwa siku mbili, inakunjwa bila mtu kusema kitu. Mama Furaha hajawahi kuambiwa na jamaa kwamba sasa inatosha, oga, badili nguo.

Basi usiandike kwamba nabii alimwahidi mbingu. Mbingu aliahidiwa tangu katekisimu. Nabii amempa tarehe. Ndicho kitu pekee ambacho mji wote ulishindwa kumpa, na kwa ajili ya hicho atauza cherehani, atauza mabati.

Kisha mwonyeshe nabii akimnyang'anya kilio. Kwa aya, tena aya za kweli zilizokatwa. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike 4:13 unasema msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini. Yeye anaisoma mpaka "mkahuzunika" na kufunga kitabu. Anaongeza Mathayo 8:22, waache wafu wazike wafu wao. Kulia kunakuwa uasi. Halafu mahali fulani katikati ya riwaya bibi mmoja mkongwe, asiyejua kusoma, aseme kwa sauti ya kawaida kwamba Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Asijibiwe. Kesho yake apangiwe kulala kwenye chumba cha bondeni. Msomaji aliyeshika ramani ya Mawe_Meusi ataelewa.

Huzuni ishike kwenye kitu kimoja cha kushikika, usiisambaze kwenye sifa. "Moyo wake ulivunjika vipande elfu" ifute popote ilipo. Mimi ningechukua nguo. Kundi linaagiza kila mfiwa alete nguo za anayemngoja, safi, zimepigwa pasi, ziandikwe daftarini ili wanaorudi wasikae uchi. Mfano, uubadilishe utakavyo:

*Mama Furaha alikunjua sketi ya buluu ya shule, akapitisha pasi ya makala kwenye pindo, akaikunja tena pale pale ilipokuwa imekunjwa.*

*"Namba ya kiatu," alisema mama pasta bila kuinua macho.*

*"Alikuwa anavaa 33."*

*Kalamu ilisimama. "Alikuwa?"*

*Mama Furaha alitazama ile safu ya namba, majina ya watoto wa watu wengine. Akahesabu. Desemba moja. Desemba ya pili.*

*"35," alisema. Ikaandikwa 35.*

Usimweleze msomaji kilichotokea hapo. Usiongeze machozi. Jumamosi inayofuata mama aende Virunga sokoni kutafuta viatu namba 35, avipapase nyayo, abishanie bei kama mtu yeyote. Kubishania bei ni muhimu: mwendawazimu habishanii bei, na Mama Furaha si mwendawazimu.

Hofu yako ya kuwatukana waumini itapungua hapo hapo, kwa sababu anayeipinga ile nyumba kwa nguvu zaidi ni bibi mwenye imani. Usilete mpinzani wa kutoka Ulaya mwenye kompyuta.

---

msomaji_wa_Kadutu amejibu:

Salamu kutoka Bukavu. Nitapinga mambo mawili.

La kwanza, gesi usiifiche iwe fumbo la mwisho. Mtu wa Goma akisoma "mijusi iliyokufa kwenye kona" ameshajua, na ukijifanya hajui utamkera. Iweke wazi. Sura ya pili tu, jirani aje na kusema: hapa pana mazuku, aliyekuuzia kiwanja kwa bei hii alikuwa anajua. Nabii amshukuru, ampe maji, na jioni ageuze onyo kuwa jaribu la imani. Kuanzia hapo msomaji anajua, wahusika wanajua, na bado mawe yanapandishwa. Hofu ya kusubiri jambo linalojulikana inabeba kurasa nyingi kuliko mshtuko wa mara moja.

La pili, mwalimu_wa_Ndosho ametaja Kanungu, wengine watataja Shakahola ya Kenya, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga mpaka kufa. Chukua namna mambo yanavyokwenda, acha watu. Usihamishe tukio zima ukalibandika Goma, na usitumie jina la kanisa, la mchungaji wala la avenyu iliyopo. Buni avenyu. Kartie (mitaa) kubwa na mlima vibaki vya kweli. Na mwaka uushike sawasawa: kisa chako kiishe kabla ya mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, kwa sababu ukivuka hapo vita vitadai nusu ya kitabu, na kwa haki.

Aya za Biblia chagua tafsiri moja ubaki nayo. Parokia na makanisa ya uamsho hawasomi tafsiri moja, na muumini anasikia tofauti kwenye neno la tatu.

---

kalamu_ya_Katindo amejibu:

Aksanti sana wakubwa, na mama hasa. Ramani nimeshaanza kuchora, na nimegundua nyumba ya sala niliiweka mahali pa juu kabisa, kwa hiyo hamisha hamisha. Bado maswali mawili. Furaha arudi au asirudi? Wasomaji wa hadithi za kutisha wanataka waone kitu. Na baada ya kesha niandike nini, maana nilikuwa nimekusudia kufunga kitabu watu wakianguka.

---

Mawe_Meusi amejibu:

Kwa swali la kwanza, gesi yenyewe inakupa nafasi. Kaboni dayoksaidi ikipanda mtu anapata hofu kali, kizunguzungu, macho yanafifia, masikio yanavuma. Mama Furaha amesimama, kifuani kwake hewa ni mbaya lakini haijamwangusha. Anachokiona wakati huo ni chake. Akimwona mtoto, amwone namba 33, si 35. Usithibitishe, usikanushe, na usirudie tena baadaye.

Swali la pili: kama unafunga watu wakianguka utakuwa umefanya jinsi wanavyofanya wengi, na utakuwa umeandika mambo yasiyowezekana, kwa sababu hujafikiri nani anaingia kuwatoa. Hakuna anayeingia usiku. Wanaojaribu wanaongeza idadi, na hilo onyesha, mwanaume mmoja aliyekuja kumfuata mkewe. Majirani wanaojua watasimama juu ya ukuta na kungoja jua lipande na upepo wa ziwa uanze. Kisha watabomoa ukuta upande wa chini, ule mlango wa zamani, ili gesi itoke, na kungoja tena kabla ya kuteremka. Saa hizo za kungoja, watu wanaona miili na hawawezi kuigusa, zina thamani ya sura nzima. Watu wa chini kabisa watolewe mwisho, na wanaoshuka wafungwe kamba, mmoja chini, wawili juu wa kuvuta.

---

mama_wa_kwaya amejibu:

Na wakishatolewa, sasa mji una miili. Bashi zinatandikwa sehemu sita kwa siku moja, viti vya kukodisha vinakwisha, watu wanaazimana mikeka. Yule bibi wa Lazaro ana wajukuu Majengo. Watakuja kumchukua na watamzika kwa utaratibu wote. Mpeleke Mama Furaha kwenye kilio hicho. Hana ujamaa nao. Apewe kazi, wamama wa kilio hawakosi kazi ya kumpa mtu: kuosha sufuria, kuchambua mchele. Usimpe hotuba. Siku ya kuondoa matanga amtolee mtoto mmoja wa pale vile viatu, kama vinamtosha. Kama havimtoshi avirudishe kwenye mfuko, vyote viwili ni sawa kwa riwaya, ila chagua mapema kwa sababu inabadilisha namba utakayoandika kule mwanzo.

---

mwalimu_wa_Ndosho amejibu:

Nyongeza fupi. Nabii usimuue kwenye kesha. Alikuwa amesimama, kwa hiyo amepona, na ramani yako itakulazimisha. Aonekane mara moja tu baadaye, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya polisi, akiuliza wangapi na majina yao, anayaandika. Nusu ukurasa, si zaidi.

Na usianze tena na sura ya kwanza, utaipaka rangi mwaka mzima. Andika kwanza sura ya ukuta kufika goti, ambapo wote wanabeba mawe wakiimba, mbuzi amelala pembeni, na kila mtu ana furaha ya kweli. Ikisomeka vizuri bila mtu yeyote kutishwa na nabii, sura nyingine utajua zikae wapi. Ukiimaliza ibandike hapa tuione.